Hereni Juu ya Barafu

Matanga ya Jamila yalipokwisha, mwanamke mmoja wa kijiji cha Lweba alinishika mkono akaniuliza kama friji sasa imekuwa yangu. Hakuuliza kwa ubaya. Nilimjibu kwamba friji ni ya nyumba, nikaenda zangu. Njiani nikafikiri kuwa habari ya ile friji tunaijua watu wachache tu, na mmoja wetu amekwisha kuzikwa. Ndiyo sababu naandika.

Jamila alikuwa mke mwenzangu. Yeye mkubwa, mimi mdogo, nami nilimwita yaya, kama sisi huku tunavyomwita dada mkubwa. Mume wetu Zuberi ana mitumbwi ya kuvua, na makazi yetu yako mbali na Lweba, kwenye ukingo wa ziwa ambako barabara haifiki. Mgeni anakuja kwa mtumbwi, au anatembea juu ya mawe huku maji yakimrukia miguuni. Tuna nyumba mbili katika ua mmoja. Bati la nyumba ya Jamila linateremka upande wa ziwa, bati la nyumba yangu linateremka upande wa milima. Katikati ya ua kuna chumba kidogo cha kuwekea nyavu.

Zuberi ni mtu anayeogopa sana kudhulumu. Tangu utoto alifundishwa kwamba mwanaume mwenye wake wawili asiyetenda haki kati yao atafufuliwa siku ya kiyama upande wake mmoja umeinama, na neno hilo lilimkaa rohoni. Akileta vitenge, ni viwili vya rangi moja. Akileta samaki, sangala mmoja mkubwa, anampasua toka kichwa mpaka mkia, kila nyumba inapata jicho moja. Jamila alikuwa anasema, "Siku moja ataleta mwavuli, tutaona ataupasua namna gani."

Hakuleta mwavuli. Alileta umeme wa jua.

Aliununua mjini Baraka, akaugawa kama alivyogawa sangala. Pano za jua, yale mabamba yanayokaa juu ya bati, nusu kwa nusu, betri nusu kwa nusu, na kila nyumba ilipata ondulere yake ndogo, yaani kile chombo kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuwashia vitu vya nyumbani. Jenereta, ambayo sisi tunaiita grupu, haikuweza kupasuliwa. Kwa hiyo Zuberi aliiwekea zamu. Siku anazolala kwa Jamila, grupu inakaa kwa Jamila. Siku anazolala kwangu, inabebwa inakuja kwangu. Watu waliopita na mitumbwi wakiona grupu imewekwa mlangoni kwa nani, walijua bwana yuko wapi.

Kwa taa na redio, mambo yalikwenda. Shida ilianza na friji.

Jamila alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa kujidunga sindano. Dawa yake ilipatikana kwa taabu, na ilipopatikana ililetwa ya miezi kadhaa mara moja, kwa maana hakuna aliyejua mashua itapita tena lini. Dawa hiyo haitaki joto. Kaka yake Yasini, mfanyabiashara wa Baraka, akamletea friji ndogo nyeupe. Tuliipokea kwa vigelegele. Lakini mota ya ile friji ilipotaka kuanza kuzunguka, ondulere ililia kama kifaranga aliyekanyagwa, ikazima. Ilianza tu pale grupu ilipokuwa kwake. Zamu yangu ikifika, grupu inabebwa inakuja kwangu kuwasha taa ambazo hazikuihitaji, na friji ya Jamila inageuka kabati.

Dawa iliharibika mara ya kwanza, hatukujua. Alijidunga kama kawaida na mwili ukazidi kuisha. Mara ya pili alibebwa kwenye mtumbwi hajitambui, akalazwa Baraka. Aliporudi, mikono yake ilikuwa myembamba hata bangili zilipanda mpaka kiwiko. Yasini alikuja naye, akasimama uani hakuvua viatu.

"Shemeji Zuberi," alisema, "mimi si mgomvi. Lakini mvua zikianza, nitakuja kutazama. Nikikuta hii frigo imelala tena, ninamubeba dada yangu, na hatarudi huku."

Jamila alisema kwa sauti ndogo, "Yasini, na Shukuru?"

Shukuru alikuwa mtoto wake wa kwanza, amezikwa nyuma ya nyumba. Kila Ijumaa Jamila alipalilia pale kwa mikono yake. Yasini alitazama ziwa.

"Shukuru atakuelewa," alisema.

Wanawake tuliokutana nao majini walinitania. "Sumaya, utabakia peke yako! Bwana wako, frigo yako, na grupu itapumuzika kutembea!" Nilicheka nao kwa sababu mtu asipocheka anaonekana ana jambo. Lakini mimi niliingia ule ua nikiwa msichana ambaye hakujua hata kusuka mkeka, na aliyenifundisha ni Jamila. Nilipopoteza mimba yangu, aliyenifulia nguo ni Jamila. Sikutaka kubaki peke yangu na bwana wala na friji.

Nikamwomba Zuberi ruhusa ya kwenda Baraka kutafuta fundi. Alikubali upesi. Nadhani alikuwa anaogopa kuliko sisi.

Fundi aliitwa Casimir, Mprotestanti, mtu mnene mwenye sauti ya kuimba kwaya. Alikuwa akifunga umeme wa jua katika nyumba za mbali, mpaka njia ya Kilembwe na Lulimba. Alinikalisha kwenye kiti cha plastiki akaniuliza kila kitu kinachotumia umeme nyumbani, kimoja kimoja, na kila kimoja kinawaka muda gani. Aliandika tarakimu huku akinung'unika. Tulipofika kwenye grupu, akaacha kuandika.

"Mama, ngoja kidogo. Mi nasikia mubaya? Grupu inafwata bwana?"

"Ndiyo."

"Bwana akilala kwako, grupu inalala kwako?"

"Ndiyo, fundi."

"Na akisafiri?"

"Inabaki kwa yule ambaye zamu yake haijaisha."

Casimir alifunika uso kwa mkono. Mabega yake yalitikisika. "Mama, unisamehe. Mi niko na bibi mumoja tu, na huyo mumoja ananishinda. Sasa nitakuja kupanga umeme ya bibi wawili?"

Lakini alikuja. Alifika na mtumbwi wa asubuhi, amekumbatia sanduku lake la vyombo kama mtoto. Alisoma maandishi ya nyuma ya friji, akapanda juu ya mabati yote mawili, akatembea uani akipima kwa hatua, akachungulia chumba cha nyavu. Kisha akatuita wote watatu, akachora kwa kijiti kwenye mchanga.

"Shida haiko kwa frigo," alisema. "Hii frigo ikiwa inazunguka, inakula kidogo. Lakini pale inaanza, inaruka kwa nguvu, inaomba mingi kwa mara moja. Ni kama kusukuma mutumbwi toka mucanga mpaka mayi. Ikishaingia kwa mayi, mutoto anaweza kuusukuma. Lakini kwa mucanga munatafuta banaume. Mzee, we umetuma banaume nusu huku, nusu kule. Kila kundi linashindwa na mutumbwi wake."

Zuberi alielewa mara moja. Hiyo ilikuwa kazi yake.

"Basi tuunganishe," Casimir akaendelea. "Betri zote pamoja, ulizinunua siku moja, bado ziko sawa. Ondulere moja kubwa, hizi mbili ndogo mutazirudisha kwa mucuuzi abadilishe. Pano zote ziingie fasi moja. Na grupu iache kutembea. Siku ya mawingu itajaza betri, basi. Jua na grupu vinasaidiana. Ni kitu chotara, lakini kinafanya kazi."

Zuberi alitikisa kichwa. "Haiwezekani."

"Sababu gani?"

"Viwe mahali pamoja, kwa nani? Friji iko kwa Jamila. Nikipeleka pano za Sumaya kwa Jamila, nimechukua haki ya huyu nimempa yule."

"Mimi ninatoa," nikasema.

"We usiseme. Unaweza kutoa leo, ukalia kesho. Mimi ndiye nitaulizwa." Akamgeukia Casimir. "Fundi, unanijua? Niligawa sawasawa. Umuulize yeyote kama nimezidisha hata musumari mumoja."

Casimir akasema, "Mzee, uligawa pano. Jua hukugawa."

"Unasema nini?"

"Njoo uone."

Alichukua kile kipimo chake chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Jua lilikuwa limetoka ziwani, bado liko chini. Akapima pano za Jamila, akamwonyesha Zuberi tarakimu. Akapima zangu. Zuberi hakusoma sana, lakini tarakimu za uzito wa samaki anazisoma vizuri, na alikunja uso. Zangu zilikuwa ndogo sana.

"Zimeharibika?"

"Hapana. Bati ya huyu mama inaangalia ziwa, inapata jua ya asubui. Ya huyu inaangalia milima, jua ikitoka inaipa mugongo. Tungoje."

Tukangoja. Jamila alipika ugali na ndagala, dagaa wa huku, Casimir akala kwa furaha akasifu pilipili. Mchana ulipogeuka akapanda tena. Sasa pano zangu zilikuwa zimeamka na za Jamila zinasinzia. Lakini jua la huku halikai sana jioni. Milima inalimeza mapema, na katika majira ya mvua mawingu yanapanda toka huko huko milimani. Casimir alieleza hayo yote polepole, akimwonyesha kwa kidole bonde kwa bonde.

Zuberi alikaa chini kwenye rundo la nyavu.

"Kwa hiyo miaka hii yote nimemdhulumu Sumaya."

"Asubui umemudhulumu Sumaya," Casimir alisema. "Mangaribi umemudhulumu mama Jamila. Mzee, usiogope. Hautainama upande mumoja. Uliinama pande zote mbili."

Hatukujua kama mtu anaweza kumwambia Zuberi neno kama hilo. Kisha Jamila, ambaye alikuwa hajacheka tangu atoke hospitali, alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikafuata. Mwisho Zuberi mwenyewe alijifunika uso kwa kofia yake na tumbo likaanza kumruka.

"Tuviweke wapi?" aliuliza alipopata pumzi. "Hapo ndipo bado."

Jamila ndiye aliyejibu. Alinyoosha mkono wake mwembamba kwenye chumba cha nyavu. "Pale. Si kwangu wala si kwake. Na friji iende pale pale."

"Friji ni yako, Yasini alikupa wewe."

"Iende pale, Baba Shukuru. Funguo mbili. Moja yangu, moja ya Sumaya."

"Na mimi?"

"Wewe utagonga mlango."

Kazi ilianza. Pano zilibaki juu ya mabati yetu mawili, kwa sababu Casimir alisema sasa ule ubaya wa kuangalia pande mbili umekuwa wema. Bati moja lingekula asubuhi, lingine lingekula mchana, na betri zisingekaa na njaa. Kila bati alilipatia kidhibiti chake cha kujaza betri, maana pano zinazoona jua kwa wakati tofauti hazitaki kufungwa kamba moja. Nyaya nene zilivuka ua juu ya miti. Nyavu zilihamia jikoni kwangu, nikanuka samaki mpaka nguo za sikukuu. Betri zilipangwa juu ya mbao, dirisha likatobolewa ili joto litoke. Grupu ilijengewa kibanda nyuma ya chumba, na Zuberi aliitazama inavyoingia kibandani kama mtu anayemwoza binti.

Kulipokuwa tayari, Casimir alimwita Jamila abonyeze. Jamila akanivuta mkono. Tukabonyeza pamoja. Ondulere kubwa iliwaka taa ya kijani. Tukangoja ile sauti ya kifaranga. Friji ilitikisika, ikaguna mara moja, kisha ikaanza kuimba taratibu, na ikaendelea kuimba. Nikakimbia nyumbani nikawasha taa zote mchana mweupe. Jamila akawasha redio yake kwa sauti ya juu. Friji haikukatika. Casimir aliimba wimbo wa kanisani, na Zuberi, mtu wa msikitini, alimpigia makofi.

Kabla ya kuondoka, Casimir alitupatia akili moja. "Jazeni kikombe mayi, mukiweke kwa ile fasi ya barafu. Kikishaganda, mutie juu yake kitu kidogo ya chuma. Frigo ikilala mukiwa hamupo, barafu itayeyuka, ile kitu itazama. Hata frigo ikiamuka tena, mutaikuta chini. Haiwezi kudanganya."

Jamila akapeleka mkono kwenye sikio lake. Nikamzuia, nikavua hereni yangu moja, ya dhahabu, niliyoolewa nayo.

"Tia yangu," nikasema. "Nataka niwe na sababu ya kuja kuchungulia."

"Itapotea nusu ya pea."

"Bwana wetu amezoea nusu."

Aliiweka juu ya barafu kwa vidole viwili, kama mtu anayeweka yai.

Mvua zilianza kwa kishindo. Milima ilipotea, ziwa likawa la kijivu, asubuhi ikawa kama jioni. Siku za kwanza betri zilishika. Kila ikipatikana nafasi ya jua kidogo, bati moja au lingine liliikamata. Kisha likaja wingu ambalo halikuondoka. Zuberi alikuwa amekwenda upande wa pili wa ziwa kuokoa mtumbwi uliopasuka, na dhoruba ikamzuia huko. Mimi niliingia chumbani na ufunguo wangu nikakuta taa ya ondulere imekuwa nyekundu.

Casimir alitufundisha: nyekundu ni grupu. Lakini aliyefundishwa kuvuta kamba ya grupu ni Zuberi. Sisi hatukuwahi kuigusa. Tangu inunuliwe, hiyo ilikuwa inakuja na bwana na kuondoka na bwana.

Nikamwita Jamila. Alikuja amejifunika mfuko wa plastiki kichwani, mvua inampiga. Nilivuta kamba, haikuguna hata kidogo. Nikavuta tena. Mkono ulinichubuka.

"Kuna kale kadude ka upande," Jamila alisema. "Yeye huwa anakasukuma kwanza. Nimemwona."

"Upande gani?"

"Sijui. Kasukume kokote!"

Alikasukuma yeye mwenyewe, akakashikilia kwa vidole viwili. Akapaza sauti, "Vuta kama unanivuta mimi toka mashua ya Yasini!"

Nikavuta. Nilivuta mpaka nikaanguka matopeni, na juu yangu grupu ikalia. Ililia vizuri sana. Jamila alipiga kigelegele kilichosikika, nina hakika, mpaka ng'ambo. Nikiwa bado nimekaa kwenye tope nilimwona anacheza, mwanamke aliyebebwa hajitambui miezi michache nyuma, anacheza kwenye mvua na mfuko wa plastiki kichwani. Tulichungulia chumbani. Ile taa nyekundu ilikuwa imegeuka kijani, na friji inaimba.

Tangu siku hiyo grupu haikumngoja Zuberi.

Yasini alikuja mawingu yakiwa bado yametanda, na mashua tupu, na godoro limewekwa katikati kwa ajili ya mgonjwa. Zuberi alikuwa amesharudi. Tulimpokea ufukoni, tukamsalimia vizuri. Alimtazama dada yake toka kichwani mpaka miguuni. Bangili zilikuwa zimerudi kwenye kifundo cha mkono.

"Nimenenepa kidogo," Jamila alisema.

"Wanenepa siku ninayokuja. Frigo iko wapi?"

Zuberi alimwonyesha chumba cha nyavu, akasimama pembeni. Yasini alishika mlango, umefungwa.

"Shemeji, fungua."

"Mimi sina ufunguo," Zuberi alisema. "Waombe wenyewe."

Nikafungua. Yasini alifungua friji, akashika chupa za dawa moja moja, akazitazama kwenye mwanga, akaziweka shavuni. Zilikuwa baridi.

"Leo ni baridi," alisema. "Munaweza kuwa mumewasha tangu munaona mashua yangu. Juzi je? Siku zile za wingu, nani aliona?"

"Hereni yangu iliona," nikasema.

Nikatoa kikombe. Nilimweleza kama Casimir alivyotueleza: kama friji ingelala hata mara moja barafu ikayeyuka, hereni ingekuwa chini. Yasini ni mfanyabiashara. Alikigeuza kikombe, akakiinamisha, akatazama chini yake, akagonga barafu kwa ukucha. Hereni ilikuwa juu, kavu, inameta, mahali pale pale Jamila alipoiweka kabla ya mvua ya kwanza.

Kisha akauliza, "Hii hereni ni ya nani?"

"Yangu."

"Ya mke mwenza?"

"Ya Sumaya," Jamila alisema.

Yasini alirudisha kikombe kwenye barafu, taratibu kabisa, akafunga mlango wa friji. Alipotoka uani alivua viatu, akaviweka kando ya ukuta. Akaomba chai.

Alikaa nasi mpaka baada ya sala ya alasiri. Alikwenda na dada yake nyuma ya nyumba, wakasimama kwa Shukuru pamoja, na aliporudi alikuwa na udongo kwenye magoti. Mashua yake ilipoondoka, Jamila alimpakilia samaki waliogandishwa, juu ya lile godoro, na Zuberi alipiga kelele toka ufukoni, "Mwambie fundi Casimir sasa nimenyooka!"

Jamila aliishi nasi miaka mingine, majira ya mvua baada ya majira ya mvua, na dawa yake haikuharibika tena. Kilichomchukua kilikuwa kitu kingine, cha haraka, na kilimkuta kitandani kwake, katika nyumba yake, mimi nimemshika mkono. Amezikwa karibu na Shukuru. Siku za Ijumaa napalilia makaburi mawili.

Ufunguo wa Jamila, Zuberi alitaka kunipa mimi, niwe na zote mbili. Nilimwambia abaki nao. Alishtuka, kisha akauvalisha kamba akauweka shingoni.

Katika chumba cha nyavu, friji inaimba. Sasa ina dawa za watu wengine, mama wawili wa Lweba wenye sukari kama ya Jamila, ambao wanaziacha kwetu na kuja kuzichukua kwa mtumbwi. Asubuhi bati la Jamila linakula jua la ziwani. Mchana bati langu linapokea. Na kila ninapofungua kuchukua dawa ya mtu, nasogeza kwanza kikombe nikatazama. Hereni iko juu.